Dada, hiyo damu haijakwama popote

SWALI: "Assalam aleykum. Nina miaka 49, naishi Makorora hapa hapa Tanga, watoto wanne na wote wakubwa. Hedhi yangu imeanza kuchezacheza kama mwaka sasa, mara inakuja mara mbili kwa mwezi, mara inapotea, na hivi sasa ni mwezi wa nne sijaiona. Joto linanipanda kifuani mpaka usoni nalowa jasho hata feni ikizunguka, usiku silali, hasira za ovyo, na magoti yananiuma. Jirani yangu aliyenizidi miaka mitano kaniambia damu imekwama kwenye kizazi ndio inapanda kichwani. Yeye hedhi ilikata mwaka na nusu, akanywa dawa ya kusafisha kizazi ya mzee mmoja wa Ngamiani na damu ikarudi, anajiona msichana. Mimi pia chupa ninayo ndani ila sijaanza. Halafu niliambiwa nina presha, 150 kwa 95, nikapewa amlodipini, nimeiacha nakunywa habat soda na kitunguu saumu maana sitaki kuwa mtumwa wa vidonge. Homoni za hospitali nasikia zinaleta kansa. Mama yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga na hakuinuka tena, hilo ndo linaniogopesha kuliko yote. Nataka kuzeeka vizuri kwa njia za asili. Nifanyeje?"

JIBU:

Waaleykum salaam dada yangu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo mmoja na yote yanahusiana, ila naomba nianze na la jirani yako kabla ya lako kwasababu lake haliwezi kusubiri. Mwanamke ambaye hedhi imekata miezi 12 mfululizo, kisha akaona damu, iwe nyingi iwe tone, iwe nyekundu iwe ya kahawia kama maji ya kutu, huyo hajarudi usichana. Huyo anatakiwa hospitali, tena sio mwezi ujao. Damu ya namna hiyo inaweza ikawa ni kuta za uke zimekuwa nyembamba zinachubuka, inaweza ikawa kinyama kidogo kimeota ndani ya kizazi, inaweza ikawa ukuta wa kizazi umenenepa isivyo kawaida, na inaweza ikawa kansa ya kizazi au ya shingo ya kizazi. Wengi wakipimwa hawakutwi na kansa, nasema hivo asije akazimia kwa hofu, lakini huwezi kujua kwa kukisia wala kwa kuangalia rangi. Na wale wanaokutwa nayo mapema wana nafasi nzuri sana ya kupona kuliko waliokaa wakishukuru dawa ya mzee. Kwahiyo leo leo ukimaliza kusoma hapa vuka uende kwake umwambie, na kama anaona aibu kwenda peke yake msindikize.

Sasa wewe. Neno "imekwama" nalisikia kila siku, na naelewa linatoka wapi, mwanamke amezoea kila mwezi kitu kinatoka, siku kisipotoka lazima ajiulize kimekwenda wapi. Ukweli ni kwamba hakijakwenda popote kwasababu hakikutengenezwa. Kila mwezi mwili ulikuwa unajenga tandiko laini ndani ya kizazi kwa amri ya homoni inayoitwa estrojeni, tandiko la kupokea mimba, na mimba isipoingia tandiko linabomoka ndio ile damu. Homoni hiyo inatoka kwenye vifuko vya mayai, na mayai uliyozaliwa nayo yana mwisho wake. Yakikaribia kuisha estrojeni inayumba, mwezi huu juu mwezi ujao chini, ndio maana hedhi inakuja ovyo, na ikishuka kabisa tandiko halijengwi, hakuna cha kubomoka, hamna damu. Hata ukipigwa ultrasaundi leo huoni bwawa la damu mle ndani, unaona ukuta tu. Hakuna uchafu wa kusafisha, na kizazi hakihitaji kuoshwa na dawa ya kunywa wala ya kuweka.

Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, kwahiyo 49 uko palepale katikati. Lakini miezi minne bado hatuwezi kusema imekoma, tunahesabu mpaka itimie miezi 12 bila kuona kitu. Na hapa kuna jambo hakuna aliyekuambia: kabla ya yote nenda duka la dawa ununue kipimo cha mkojo cha mimba. Usicheke! Kipindi hiki cha kuyumba yai bado linaweza kutoka siku usiyoitegemea, na nimekuwa mkunga kabla sijaingia kwenye lishe na mimea, nimewapokea kina mama waliokuja na "uvimbe" na uvimbe ukawa unapiga teke. Zile dawa za kurudisha hedhi nyingine zinakamua kizazi, ukinywa ukiwa na mimba unaweza kutokwa na damu ikahatarisha maisha yako. Kwa mwanamke ambaye hajafika 50 ushauri ni kuendelea kujikinga na mimba mpaka ipite miaka miwili tangu hedhi ya mwisho, aliyevuka 50 mwaka mmoja unatosha.

Lile joto nalo halitoki kizazini, linatoka kichwani, ila sio kwa damu kupanda. Kuna sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Estrojeni ikishuka sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka, kijoto kidogo tu ambacho zamani usingekihisi, kikombe cha chai, ugomvi mdogo, baibui la nailoni mchana wa mwezi wa pili, basi inaamrisha mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke mwili upoe haraka. Ndio unahisi moto unapanda kifuani shingoni usoni, dakika chache umelowa, halafu baridi. Ikitokea usiku inakukata usingizi, na mtu asiyelala wiki nzima hasira hazihitaji mchawi. Kwa wengi hali hii inakaa miaka kadhaa ikipungua taratibu, wapo inaowapitia miezi tu, wapo inazidi miaka saba. Haiui, ila inachosha, na una haki ya kutafuta nafuu bila kuambiwa vumilia wote tumepitia.

Ila sio kila jasho ni la utu uzima. Amlodipini yenyewe inaweza kumfanya mtu ajisikie joto usoni na miguu kuvimba, kwahiyo kama joto lilizidi ulipoanza vidonge mwambie daktari, zipo dawa nyingine za presha atakubadilishia. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili na kupungua uzito, hapo kapime TB. Moyo kwenda mbio muda wote, mikono kutetemeka na kukonda huku unakula, hiyo inaweza kuwa tezi ya shingoni. Na homa ni homa, kapime malaria kwanza usiseme ni umri.

Tuje kwenye chupa. Naijua bila kuiona: chupa ya maji ya plastiki ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa au imeachwa ileile ya maji, ndani kuna maji ya kahawia yenye mashapo chini, ukifungua inatoa gesi kidogo maana imeshaanza kuchacha, maelekezo ni ya mdomo, kikombe cha kahawa asubuhi na jioni. Hakuna jina la mti, hakuna tarehe. Mie siipingi miti shamba, ndio inayonilisha, na sisi Tanga tuna historia nzuri tu, waganga wa jadi na madaktari walishakaa meza moja hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 kwenye kuhudumia wagonjwa wa ukimwi. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na lipo Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zenyewe. Kwahiyo muulize mzee maswali ya kawaida kabisa: ni mti gani, ni mzizi, gamba au jani, kipimo chake kiasi gani, mwenye presha anaruhusiwa, na je amesajiliwa. Mganga anayeijua kazi yake hachukii kuulizwa, anayechukia ameshakujibu. Hiyo uliyonayo ndani imwage.

Na kwakuwa umetaja magoti, niseme kitu hapohapo. Ukipewa unga wa miti shamba wa maumivu na ndani ya siku mbili goti limepona kabisa, unakula kama mwenye kichaa na uso unaanza kuvimba mduara, shtuka. Wapo wanaochanganya humo vidonge vya hospitali vilivyosagwa, hasa vya jamii ya deksamethasoni, yaani steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe na maumivu. Hiyo inapandisha sukari na presha, na mbaya zaidi kwako wewe mtoto wa mama aliyevunjika nyonga, inakula mifupa. Usiiache ghafla ukiwa umeitumia muda mrefu, nenda hospitali na pakiti yake. Magoti ya kawaida ya umri huu dawa yake kubwa ni kupunguza uzito kidogo kama umezidi na kuimarisha misuli ya paja, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, ushikilie ukihesabu mpaka kumi, shusha, badilisha mguu. Rudia mara kadhaa ukiangalia tamthilia. Inachosha kuliko inavyoonekana.

Sasa njia za asili zenyewe, maana hukuuliza ili nikukataze tu. Kwa joto, soya ndio mmea uliochunguzwa sana, ina kitu kinachofanana kwa mbali na estrojeni. Matokeo ni ya wastani, baadhi ya wanawake wanapata nafuu wengine hawaoni kitu, na inataka wiki nyingi sio siku tatu. Ila kama chakula, unga wake kwenye uji au soya ya kupika, haina ubaya kwa wengi wetu na inakupa protini. Vidonge vya soya vilivyokolezwa ni habari nyingine, hasa kwa aliyewahi kuugua kansa ya ziwa, huyo asinywe bila daktari wake kujua. Ufuta nao mzuri, hata kama si kwa joto basi kwa mifupa. Mlonge, majani yake ni chakula kizuri chenye madini, unga wake nyunyiza kwenye mchuzi, ila mizizi na magamba yake achana nayo. Shubiri ile chungu ya kunywa kila siku sikubaliani nayo hata kidogo, inaharisha, inatoa madini ya potasiamu mwilini na moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Uwatu unashusha sukari, mwenye kunywa vidonge vya kisukari aseme kwa daktari wake. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye chakula kula utakavyo, lakini ukiwa kwenye dawa za kuyeyusha damu au unasubiri upasuaji usijaze vijiko.

Yanayosaidia zaidi joto la mwili ni mambo ambayo hayauzwi. Nguo za pamba badala ya nailoni, shuka ya pamba, feni karibu na kitanda na maji pembeni. Angalia kinachokushtua, kwa mmoja ni kahawa chungu ya jioni, kwa mwingine pilipili, kwa mwingine chai ya tangawizi ya moto kabla ya kulala, andika wiki mbili tu utamjua adui yako. Waliopunguza uzito kidogo wengi joto hupungua. Saa ya kulala iwe moja na simu ibaki sebuleni, najua hili utalipuuza lakini nimelisema.

Kwenye presha hapo tutagombana kidogo dada. 150 kwa 95 haiumi, ndio ubaya wake. Na amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, ukiiacha leo presha haipandi kesho, inarudi kidogokidogo kwa siku nyingi, ndio maana wiki ya kwanza uliona mbona niko salama. Halafu umri huu wenyewe unakusukuma: estrojeni ilikuwa inalinda mishipa yako ya damu, ikishuka mafuta mabaya kwenye damu yanapanda na presha inapanda, na hatari ya moyo na kiharusi ambayo tulizoea kuiona kwa waume zetu inatufikia na sisi. Habat soda imepimwa, kitunguu saumu kimepimwa, rozela ile nyekundu wengine mnaita choya nayo imepimwa, na zote zinaonekana zinashusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, pointi chache tu. Wewe unatakiwa ushuke chini ya 140 kwa 90, na kama una kisukari au tatizo lingine daktari atataka chini zaidi. Pointi chache za habat soda ni msaada juu ya dawa, haziwezi kuwa dawa yenyewe kwa mtu mwenye 150.

Nenda ukapime upya, na upime vizuri. Kipimo kimoja ulichopimwa umetoka kupanda ngazi na kubishana na bodaboda hakitoshi. Kaa umeegemea dakika tano bila kuongea, miguu chini usikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na ule mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu sio juu ya mikono ya baibui, hapo wengi tunakosea kwa aibu. Wapime mara mbili. Ikibaki juu rudi kwenye kidonge, na wakati huohuo punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni chumvi yote, ya mezani, ya ng'onda, ya achari, ya vile vimchemraba vya kukolezea mchuzi. Mchuzi wa nazi hauhitaji kimchemraba, nazi, ndimu, bizari na pilipili mbichi zinajitosheleza. Ukipunguza chumvi na uzito na ukatembea, presha ikashuka ikatulia, daktari mwenyewe ndo atakupunguzia dozi, hiyo ndio njia halali ya kutoka kwenye huo utumwa unaouogopa. Na msimu wa mabalungi ya Muheza ukifika muulize mfamasia, balungi linafanya baadhi ya dawa za presha na hasa baadhi za kolestro zikae nyingi mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Chungwa halina tatizo hilo.

Homoni za hospitali. Hofu hii ina chanzo chake, mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza kwamba wanawake waliopewa mchanganyiko wa homoni walipata kansa ya ziwa, kiharusi na kuganda kwa damu zaidi kidogo kuliko wasiopewa, dunia nzima ikashtuka na wengi wakaacha. Baadae matokeo yalipochambuliwa upya ikaonekana wengi wa wale wanawake walishavuka miaka 60, wastani 63, yaani walianzishwa homoni wakiwa wamechelewa. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye joto linalomharibia maisha, faida kwa kawaida inazidi hatari, na hakuna mmea wowote ninaoujua unaolituliza joto kama homoni inavyofanya. Pia zinalinda mifupa. Lakini sio za kila mtu: aliyewahi kuugua kansa ya ziwa, aliyeganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye damu inayotoka bila kujulikana sababu, hao hapana. Mwenye kizazi lazima apewe homoni mbili kwa pamoja, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi. Na wewe presha kwanza itulizwe. Usizinunue mwenyewe wala usiazime kidonge cha uzazi cha binti yako, presha hiyo na umri huo vidonge vile havikufai. Kama hutaki homoni kabisa zipo dawa nyingine za hospitali zisizo za homoni zinazopunguza joto, ulizia. Mie sikusukumi upande wowote, ila nataka ukikataa ukatae kwa kujua.

Sasa la mama yako, Mungu amrehemu kama ametangulia. Mfupa sio jiwe, una mafundi wawili ndani yake, mmoja anabomoa palipochakaa na mwingine anajenga, usiku na mchana. Estrojeni ndio ilikuwa inamzuia yule wa kubomoa asizidishe. Ikiondoka anabomoa haraka kuliko mwenzake anavyojenga, na miaka ya karibu na hedhi kukoma ndio kasi inakuwa kubwa, baadhi ya wanawake wanapoteza karibu asilimia 2 ya mfupa wa uti wa mgongo kila mwaka kwa miaka kadhaa. Huhisi kitu. Unakuja kujua siku umeteleza. Na mtoto wa mama aliyevunjika nyonga ana hatari zaidi kuliko wengine, kwahiyo hofu yako sio ya kijinga, na hiyo ndo sehemu ya kutia nguvu zako badala ya kuzitia kwenye chupa.

Mfupa unataka vitu vitatu. Kwanza kalsiamu, mwanamke aliyevuka 50 anashauriwa kama miligramu 1,200 kwa siku, na glasi ya maziwa au mtindi ina karibu 300. Tanga maziwa sio shida, shida tunayaweka kwenye chai tone tone. Kunywa mtindi. Dagaa wanaoliwa mzima na mifupa yao ni kalsiamu tupu, waloweke na uwaoshe chumvi itoke kwa ajili ya presha. Ufuta ulio na maganda yake, sukuma wiki, chainizi, vyote vizuri. Mchicha mzuri kwa mengine lakini una kitu kinachoikamata kalsiamu isiingie mwilini, usiutegemee peke yake. Pili vitamini D, ambayo ngozi inaitengeneza ikipigwa na jua. Hapa kwetu jua limejaa ila wengi wetu tuko ndani au tumejifunika, na ngozi nyeusi inataka muda zaidi, basi tafuta uani pasipo na macho ya watu, mikono na miguu wazi, uanike nguo taratibu. Tatu mzigo. Mfupa usiobebeshwa kazi unapungua. Tembea kwa haraka dakika 30 siku tano kwa wiki, wapo kina mama wanatembea asubuhi barabara ya Raskazone jiunge nao, panda ngazi, beba ndoo ya saizi yako, na mara mbili kwa wiki mazoezi ya misuli. Kuogelea kunafaa moyo ila mfupa hauhesabu sana.

Halafu bafuni, maana mama hakuvunjwa na umri peke yake, alivunjwa na sakafu. Vigae vinavyong'aa vyenye maji ya sabuni na kandambili zilizolika chini ni hatari tupu. Nunua kandambili mpya zenye meno, weka mkeka wa raba, weka cha kushikilia ukutani, weka taa ya usiku njia ya kwenda chooni. Miwani ikiwa imepitwa na wakati kabadilishe. Ni vitu vya elfu chache tu na vinazuia kuanguka kuliko kidonge chochote. Kipimo cha ujazo wa mfupa kwetu hakipatikani kila mahali, muulize daktari kama kwa historia ya mama yako kuna haja ukipime au uanze dawa, zipo.

Hukuuliza kuhusu uke ila nitasema kwasababu wengi hamuulizi. Estrojeni ikishuka ute unapungua, tendo linauma, mkojo unachoma, mwingine akikohoa mkojo unachuruzika. Marafiki wanaelekezana shabu, majani, mvuke wa kujikalia juu ya sufuria. Udi wa nguo na mwili fukiza upendavyo, huo ni utamaduni wetu na nauvaa mwenyewe. Lakini shabu ndani ya uke uliokwisha kuwa mwembamba inakausha na kuchana, na vidonda vile ni mlango wa magonjwa, mvuke unaunguza. Tumia vilainishi vya duka la dawa, mafuta safi ya nazi kwa mlio kwenye ndoa msiotumia kondomu sawa maana mafuta yanaitoboa kondomu, na kama hujapata nafuu, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo kwa dozi ndogo sana. Mkojo unaochuruzika unasaidiwa na kubana misuli ile unayobania mkojo, bana ukihesabu mpaka tano, achia, kumi hivi, mara tatu kwa siku, na usikate tamaa kabla ya miezi mitatu.

La mwisho kwenye kinga, umewahi kuchunguzwa shingo ya kizazi? Ndio kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inaletwa na kirusi kinachopatikana kwa kujamiiana, karibu kila aliyeolewa amewahi kukutana nacho, wala sio aibu, na inachukua miaka mingi kabla haijawa kansa, hapo katikati ndio tunaikamata. Kipimo cha kawaida ni cha siki: unalala kama unazalishwa, wanaweka kifaa cha kufungulia, wanapaka shingo ya kizazi pamba yenye siki nyepesi, wanasubiri kama dakika moja, wanaangalia kwa taa. Palipo na shida panageuka peupe. Basi, unavaa unaondoka na jibu lako, na kikionekana kidogo mara nyingi wanakitibu kabla hakijawa kitu. Ila ukishakoma hedhi ile sehemu ya kuangaliwa inarudi ndani, haionekani vizuri, na kipimo cha siki kinapoteza uaminifu, inabidi kile cha kutafuta kirusi chenyewe ambacho hakipo kila kituo. Kwahiyo wewe wa 49 nenda sasa, hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu nawe. Siku hiyohiyo waombe wakuangalie maziwa, na wapime sukari na mafuta kwenye damu.

Usisubiri klinki ya kawaida ukiona damu nyingi ya kulowesha pedi kila saa, au damu baada ya tendo, uvimbe kwenye ziwa au chuchu inayotoa damu, maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea, au huzuni iliyofika mahali pa kutotaka kuishi. Hayo ni ya siku hiyohiyo.

Ukienda nenda asubuhi hujala, kwa ajili ya sukari, kunywa maji tu. Beba vile vidonge vya amlodipini ulivyoviacha na chupa ya habat soda, muoneshe daktari vyote na umwambie lini uliacha, hatakung'ata. Andika kwenye karatasi tarehe ya hedhi ya mwisho, jina la ugonjwa aliokuwa nao mama, na umri wake alipovunjika. Na wasipokuuliza kuhusu miti shamba, sema mwenyewe.